Mihuri inayofutwa: melanoma inavyoinyamazisha kinga ya mwili

"Assalaam alaykum Daktari. Nakuandikia kutoka Wete. Mama yangu mkubwa ana miaka 61, anaishi Micheweni na umri wake wote kalima mwani. Miaka miwili nyuma alitokwa na doa jeusi kisiginoni. Sote tukadhani ni mwiba wa baharini umekatikia ndani. Mwenyewe akalipaka hina na mambo yakaendelea. Mwaka huu doa likaanza kutoa maji, tukavuka naye Unguja, akakatwa kinyama cha kupima, majibu yakasema melanoma. Wamemkata pale kisiginoni na tezi moja ya kinenani. Daktari mmoja akatuambia kuwa saratani hii 'inazima kinga ya mwili'. Neno hilo halinitoki kichwani. Seli inazimaje seli nyengine? Kwani kinga yake ilikuwa dhaifu? Hapa nyumbani kila jamaa analeta chake cha kuongeza kinga: habasoda, asali, unga wa mlonge. Na hizo dawa za kinga tunazozisikia, ndizo hizo hizo za kuongeza kinga, au ni kitu chengine?"

Waalaykum salaam mwanangu. Pole wewe na umpe pole Bi mkubwa.

Nianze na lile la katikati, maana ndilo linalowakosesha watu usingizi. Kupata melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, si dalili kwamba kinga yake ilikuwa dhaifu. Mtu asiyejua hata mafua anaweza kuipata. Mara nyingi seli za kinga huwa zimeshafika, zimeshamtambua adui, tena zimemgusa. Kilichoharibika ni amri inayopita ndani yao. Ukilishika hilo, la habasoda na la dawa utaweza kuyajibu mwenyewe hata kabla sijafika huko.

Mimi ni daktari wa ngozi, na nusu ya wiki yangu huipitisha kwenye hadubini. Kinyama kinachokatwa hutiwa kwenye nta, kikachanwa vipande vyembamba kuliko karatasi, halafu kikatiwa rangi mbili, zambarau na waridi. Kipande cha melanoma ya unyayo ukikitazama unaona viota vya seli kubwa kubwa, viini vimevimba, baadhi zimebeba vumbi la kahawia. Vumbi hilo ni melanini yenyewe, rangi ya ngozi zetu. Pembezoni mwa kiota mara nyingi kuna vitone vidogo vya mviringo, zambarau iliyokolea, vimejipanga kama wanaume waliokaa barzani nje ya nyumba ya harusi. Hizo ni seli nyeupe za damu, na nyingi kati yao ni zile tunazoziita seli T. Kazi yao ni kuua seli iliyoharibika. Nazo zimekaa tu. Nilipokuwa najifunza, nilimuuliza mwalimu wangu: hawa wanangoja nini? Akacheka, akaniambia swali hilo watu wameliuliza kabla mama yangu hajazaliwa.

Wanangoja mihuri, na mihuri yao inafutwa. Hili ndilo swali lako la kwanza, basi nivumilie kidogo, nitakwenda taratibu.

Kila seli ya mwili huweka nje vipande vya protini inazotengeneza ndani, vimepakiwa kwenye visahani maalumu juu ya ngozi yake. Seli T hupita ikivipapasa. Vikiwa vya kawaida, inapita. Ikikuta kipande kisichokuwa cha hapa, kwa mfano protini iliyoharibika kwa sababu jeni yake imeharibika, kipokezi cha seli T hukishika. Huo ni mguso wa nje. Ili seli T iue, habari ya mguso huo lazima isafiri kutoka kwenye ganda mpaka kwenye kiini.

Umewahi kufuatilia kitambulisho kwa kuanzia kwa sheha? Barua haitembei peke yake. Sheha anagonga muhuri, ukifika meza ya pili karani anautafuta ule muhuri kwanza, akiuona naye anagonga wake, unapelekwa meza ya tatu. Muhuri mmoja ukikosekana, unarudi nyumbani. Ndani ya seli T ni hivyo hivyo. Kimeng'enya kiitwacho Lck kinagonga muhuri kwenye mkia wa kipokezi. Muhuri wenyewe ni fosfeti, kijikundi cha fosforasi na oksijeni kinachobandikwa juu ya protini. Karani wa pili anaitwa ZAP-70, naye hawezi kukaa mezani mpaka auone muhuri wa Lck. Akishakaa, naye anagongwa, kisha anawagonga wengine, kalsiamu inafurika ndani ya seli, jeni zinafunguliwa. Hapo ndipo seli T inapotoa perforini ya kuitoboa seli mbaya na granzaimu za kuimaliza kwa ndani.

Tena faili hilo linataka idhini mbili. Pamoja na kipokezi kikuu kuna cha pili, CD28, ambacho nacho lazima kiguswe na kigongwe muhuri. Bila ya hicho, seli T inaliona tatizo lakini haina ruhusa ya kulishughulikia.

Sasa ingia PD-1. Seli T ikishaamka, baada ya muda inaotesha kipokezi hiki juu ya ganda lake. Jina lake linapotosha: Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto, Japani, walipoipata jeni yake mwaka 1992 walikuwa wanatafuta jeni zinazohusika na seli kujiua, wakaipa jina la kifo (PD ni 'programmed death', kifo kilichopangwa). Baadaye ikaja kuonekana kuwa kazi yake ni kutuliza. PD-1 ikiguswa kutoka nje, mkia wake wa ndani hugongwa muhuri kama mikia mengine, lakini anayekuja kukaa pale ni kimeng'enya SHP-2, na kazi ya SHP-2 ni kufuta. Anapita meza kwa meza akiondoa fosfeti zilizobandikwa, hasa kwenye ile CD28 ya idhini ya pili, na kwa majirani zake. Makarani wapo, karatasi zipo, wino upo. Kila muhuri unaogongwa unafutwa kabla meza inayofuata haijausoma.

Anayeigusa PD-1 kutoka nje ni protini iitwayo PD-L1. Seli za melanoma huivaa.

Wameipata wapi? Hapa ndipo mimi mwenyewe huduwaa, ingawa nimesoma habari hizi miaka mingi. Hawakuibuni. PD-L1 ni alama ya mwili wenyewe, tena alama ya heshima. Kondo la nyuma huivaa. Fikiria: mtoto tumboni nusu ya protini zake ni za babake, kwa mama ni mgeni, na kwa sheria ya kawaida seli T za mama zingemshambulia. Kondo linawaonesha PD-L1 na njia nyengine kadhaa za kutuliza, wanatulia. Mapafu na ini nayo huivaa yanapoumwa, ili vita dhidi ya virusi visije vikabomoa nyumba nzima. Mwili usiokuwa na alama za kutuliza haudumu. Panya wa maabara walioondolewa breki nyengine ya seli T, iitwayo CTLA-4, wanakufa wakiwa na wiki tatu au nne, viungo vyao vimeshambuliwa na seli zao wenyewe. Kwa hiyo daktari aliyekwambia "inazima" hakukosea, ila swichi ni ya kwenu wenyewe. Saratani imejifunza ilipo.

Na inajifunza kwa njia inayouma. Seli T inapoanza kushambulia hutoa kemikali ya kuita wenzake, interferoni gama. Ni kama kupiga mbiu. Seli ya melanoma nayo ina masikio ya mbiu hiyo: kipokezi chake kinaamsha makarani wawili wa ndani, JAK1 na JAK2, nao wanapeleka habari kwenye kiini chake, na jibu la kiini ni kutengeneza PD-L1 zaidi. Maana yake ni kwamba kule kushambuliwa ndiko kunakoleta ngao. Ndiyo maana nikiona chini ya hadubini kiota kimezungukwa na seli T na pembe zile zile zimejaa PD-L1, naelewa kwamba hapa palikuwa na vita, na vilisimamishwa. Kwa mgonjwa hiyo si habari mbaya moja kwa moja. Askari waliokwisha fika ni rahisi kuamshwa kuliko wasiokuwepo.

Hayo ni ya kugusana seli kwa seli. Melanoma ina na ya mbali. Wewe ni mtu wa Pemba, pweza unamjua. Ukimbana pangoni anatema wino, na wewe unaparamia lile wingu jeusi huku mwenyewe keshaondoka. (Wino wa pweza nao ni melanini, ukoo mmoja na rangi ya ngozi yako.) Seli za melanoma hutema vipovu vidogo mno, maelfu ya vipovu, vinavyoelea kwenye damu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionesha kuwa vipovu vya melanoma iliyosambaa vimevaa PD-L1 juu ya ganda lao. Seli T iliyo mbali kabisa na kisigino, ambayo haijaiona saratani, inakutana na kipovu kwenye mshipa, inakigusa, SHP-2 anaamka, mihuri inafutwa. Wakaona pia kwamba ukiipiga mbiu ile ya interferoni, vipovu vinatoka vikiwa na PD-L1 nyingi zaidi.

Ziko hila nyengine, nazitaja kwa haraka. Baadhi ya melanoma humwaga TGF-beta, kemikali inayowapoza askari na kuwaalika wale wa usuluhishi. Nyengine huchoma sukari kwa fujo na kuacha asidi pande zote, na seli T hulegea kwenye asidi. Nyengine humaliza triptofani, asidi amino ambayo seli T inaihitaji ili izaane. Hii ya mwisho iliwapa watu matumaini makubwa. Ikatengenezwa dawa ya kuizuia, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa melanoma zaidi ya 700 pamoja na dawa ya PD-1, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa haikuongeza kitu. Nakwambia hili makusudi. Watakuja watu na maelezo mazuri ya kisayansi ya kwa nini kitu chao lazima kifanye kazi, na wewe waulize kimejaribiwa kwa nani.

Basi tuje kwa jamaa wanaoleta vikopo.

Sina ugomvi na habasoda. Kwetu nyumbani ipo, asali ipo, na mlonge ni mboga nzuri. Lakini neno "kuongeza kinga" kwa ugonjwa huu halina pa kushika. Ukienda kwenye ile ofisi ambayo mihuri inafutwa, ukaajiri makarani wengine kumi, utapata mihuri kumi zaidi iliyofutwa. Bi mkubwa hana upungufu wa askari. Ale vizuri, apate samaki, mbaazi, matunda, asali kama anaipenda na hana sukari. Unga na mafuta ya kunywa kwa vijiko, hasa vinavyouzwa kwa jina la dawa, mwambieni daktari wake kila kimoja kabla hajaanza matibabu, kwa sababu tukiona vipimo vya ini vimepanda tunataka kujua ni dawa yetu au ni kikopo. Na tafadhali msimpe mtu mwenye saratani chai tatu za uchungu kwa siku huku chakula chake kinarudi jikoni. Nimeona wagonjwa wakidhoofishwa na mapenzi ya jamaa zao.

Dawa za kinga unazozisikia hazimuongezei mgonjwa askari, wala haziiui saratani kwa mkono wao wenyewe. Ni kingamwili, yaani protini za kunata kwenye kitu kimoja maalumu, zilizotengenezwa maabara zinazokwenda kukaa juu ya PD-1, zikaiziba. PD-L1 ikija inakuta kiti kimekaliwa. SHP-2 haitwi. Mihuri inabaki. Seli T ile ile iliyokuwa barzani inanyanyuka na kuingia ndani. Dawa ya kwanza ya namna hii iliziba CTLA-4, ile breki ya wale panya, inaitwa ipilimumab, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma. Zile za PD-1, pembrolizumab na nivolumab, zilifuata 2014. James Allison wa Marekani, aliyeifanyia kazi CTLA-4, na Honjo wa PD-1 walipewa Nobel ya tiba pamoja mwaka 2018.

Zinafanya nini kwa kweli? Kabla ya 2011, nusu ya waliokuwa na melanoma iliyosambaa walikuwa hawafiki mwaka. Katika utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa 945, ambao matokeo yake ya miaka 10 yalitoka 2024, waliopewa nivolumab na ipilimumab pamoja asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka hiyo 10. Waliopewa nivolumab peke yake asilimia 37. Ipilimumab peke yake asilimia 19. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza mwaka 2015, akiwa na miaka 90, kuwa ana melanoma kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, mionzi na pembrolizumab, na alifariki Disemba 2024 akiwa na miaka 100. Asilimia 43, ukiisoma upande wa pili, ni kwamba zaidi ya nusu hawakufika. Sipendi kumpa mtu nusu ya hesabu.

Sababu moja ya kutofika ni kwamba saratani nayo inabadilika. Mwaka 2016 watafiti wa Los Angeles waliwachunguza wagonjwa wanne ambao melanoma ilinywea kwa dawa, kisha ikarudi. Wawili kati yao, saratani ilikuwa imevunja JAK1 au JAK2. Unawakumbuka? Ndio makarani wa kusikia mbiu. Imejitia uziwi. Ikiitiwa interferoni haisikii, na bila ya kusikia haiwezi kulazimishwa kuacha kukua. Wa tatu ilikuwa imepoteza kiungo cha kusimamisha vile visahani vya nje, kwa hiyo seli T inapapasa na haikuti kitu. Kuziba PD-1 hakusaidii pale ambapo hakuna cha kuonwa.

Sasa kisigino. Melanoma nyingi unazozisoma ni za watu weupe, zimeletwa na jua, na jua limeharibu jeni zao nyingi. Jeni nyingi zilizoharibika ni protini nyingi za ajabu kwenye visahani, na seli T zina mengi ya kushika. Yetu sisi, ya unyayo, kiganja na chini ya ukucha, haitokani na jua. Ina uharibifu mchache wa namna hiyo, seli T zinapata kidogo cha kutambua, na kwa hiyo dawa za PD-1 kwa kawaida hufanya kazi kwa wagonjwa wachache zaidi kuliko ile ya jua. Wachache zaidi, lakini wapo. Bob Marley alifariki kwa aina hii hii mwaka 1981, ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akiwa na miaka 36. Wakati ule hakuna aliyejua kuwa PD-1 ipo.

Kwa Bi mkubwa, yale majibu ya maabara yana mambo mnayopaswa kuyauliza. Kwanza kina, kwa milimita. Uvimbe wa chini ya milimita 1 mara nyingi sana humalizwa na kisu peke yake, na kila milimita inayoongezeka inabadilisha hesabu. Pili, tezi iliyokatwa kinenani ilikuwa na seli za saratani au ilikuwa safi? Wazee wetu wakiona uvimbe pale husema mtoki, wakautarajia uondoke na kidonda cha mguu. Lakini tezi ile ndiyo skuli ya seli T za mguu mzima, na ndiyo kituo cha kwanza cha saratani inaposafiri. Kama ilikuwa nayo, kuna sababu ya kuzungumzia dawa ya PD-1 kwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, ili kupunguza uwezekano wa kurudi. Kama ilikuwa safi na kina ni kidogo, huenda akahitaji kufuatiliwa tu. Wagonjwa wetu wengi mazungumzo hayo huyafanyia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nendeni na karatasi ya majibu yenyewe, na kama mnaweza, ombeni na vile vipande vya nta. Vinahifadhiwa, na vinaweza kupimwa upya.

Gharama sitakuficha. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za PD-1 kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa melanoma iliyosambaa, lakini kuingia kwenye orodha hakuishushi bei. Marekani dozi moja ya pembrolizumab, ya wiki tatu, ni zaidi ya dola 10,000. Ulizeni mapema, kabla hamjauza mikarafuu. Namaanisha kwa maneno hayo hayo. Ulizeni kwanza kama kina na tezi za mgonjwa wenu zinaitaka, halafu ndipo mfikirie shamba.

Na akija kuipata, mjue inavyouma. Ukiwaondolea askari breki hawachagui saratani peke yake. Wanaweza kushambulia utumbo, akaharisha mara nane kwa siku, mapafu, akakosa pumzi, tezi ya shingo, ini, hata kongosho, akapata sukari ghafla. Kuharisha kwa mgonjwa wa dawa hii hakutibiwi kwa uji wa mchele na kungoja kesho. Ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tukianza steroidi, dawa za kutuliza kinga, mapema mengi hutulia. Wengine hutokwa na mabaka meupe mikononi na usoni, kama mbalanga. Watu wakiyaona mabaka hayo husikitika, na mimi hufurahi kimoyomoyo, maana ni seli T zinazoshambulia seli za rangi popote zilipo, nzuri na mbaya, na wagonjwa wanaotokwa na mabaka hayo mara nyingi ndio ambao dawa imewaitikia.

Nakuomba jambo moja la nyumbani. Nyayo zina mistari kama ya alama za vidole, matuta na mifereji, kama shamba la viazi. Nikiweka kile kioo changu cha kukuza juu ya doa, natazama rangi imekaa wapi. Ikikaa kwenye mifereji, mara nyingi ni baka la kawaida. Ikikaa juu ya matuta, nachukua kisu. Hina hunikorogea hesabu hiyo, kwa sababu nayo hushika juu ya matuta, na piko nyeusi ndiyo inafunika kila kitu. Mama aliyepaka miguu kila harusi na kila Idd anaweza kukaa na doa miaka bila ya mtu kuliona, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Ukucha nao ni hivyo hivyo. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kitu cha kawaida kwa watu weusi, usiwatie khofu watu wa nyumbani. Ila mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au ambao weusi wake umevuka ukaingia kwenye ngozi ya pembeni, huo uonwe.

Mguu mwengine wa Bi mkubwa uacheni bila ya hina mpaka rangi iliyopo imetoka yote, wiki chache tu. Halafu mlete, na nyinyi mliokulia kwenye mwani njooni pamoja naye, viatu mvue mlangoni. Mikono yake apake anavyotaka.